Draya ya nguo msimu wa masika: itunze isije ikakuchomea mtaji

Leo tuongelee kitu ambacho wauza mitumba wengi huku pwani tunakinunua kwa mbwembwe halafu hatujui kukitunza. Mashine ya kukaushia nguo, wengine tunaiita draya.

Mimi nipo Bagamoyo, nauza jinzi na hudi za mtumba kwa WhatsApp na Instagram. Kila nguo naifua kabla sijaipiga picha. Sasa masika ikikolea, kuanzia Machi mpaka Mei, kamba inakuwa pambo tu. Nguo inaning'inia siku tatu na haikauki, maana hata upepo wenyewe wa bahari una unyevu. Kuna mwaka nilimtumia dada mmoja wa Tegeta hudi mbili huku najua kabisa hazijakauka vizuri. Zilifika zinanuka uvundo. Nikarudisha hela, nauli ikala kwangu, na mteja nikampoteza. Ndio nikajichanga nikanunua draya iliyotumika, kutoka Uingereza.

Baada ya miezi minne ikaacha kutoa joto. Fundi akafungua nyuma, akaunga waya mbili moja kwa moja, akasema "imepona hiyo, dogo." Kweli ikachemka. Wiki ya pili nikasikia harufu ya kuungua, kwenda chumba cha nyuma nakuta moshi. Nikazima swichi kubwa. Ningekuwa nimeenda kupeleka mzigo stendi, leo nisingekuwa na duka.

Kile alichokiruka fundi kilikuwa ni kinga ya joto. Mashine haikuwa mbovu, ilikuwa imeziba. Ndio maana naandika hii.

INAFANYAJE KAZI
Mota inazungusha pipa na feni. Feni inavuta hewa, hewa inapita kwenye hita, inaingia kwenye nguo na kutoka na maji. Njiani inapita kwenye filta inayokamata manyoya ya nguo, ule uchafu laini kama pamba. Hewa ikiziba popote, joto halina pa kwenda. Hapo kinga inakata umeme wa hita ili mashine isiungue. Kwa hiyo kinga ikikata, inakwambia kitu. Isikilize.

UTUNZAJI
1. Filta, kila ukimaliza mzigo. Sio kila wiki. Toa manyoya yote kwa mkono. Mara moja kwa mwezi ioshe kwa sabuni na brashi laini. Jaribio rahisi: mwagia maji juu ya wavu. Yakituama, wavu umeziba na mafuta ya dawa ya kulainishia nguo hata kama kwa macho unaonekana msafi. Ikauke kabisa ndio uirudishe.

2. Bomba la kutolea hewa. Kama draya yako ina bomba nyuma, litoke nje, liwe fupi, lisikunjwe wala kubanwa na ukuta. La bati ni salama kuliko la plastiki. Lichomoe kila mwezi ulisafishe. Huku kwetu mijusi na nyigu wanalipenda sana.

3. Za tangi la maji. Hizi hazina bomba, maji yanaingia kwenye tangi. Limwage kila mzigo. Chini kuna kile kipande chenye mapezi kama rejeta ndogo. Kama chako kinachomoka, kitoe na ukisuuze bombani kila mwezi. Hizi zinataka chumba chenye hewa.

4. Soketi ya ukutani peke yake. Draya ya wati 2,500 kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 11. Ekstensheni ya waya mwembamba inayeyuka. Na ile gadi ndogo ya friji usiiwekee, mpaka usome imeandikwa inabeba ampea ngapi.

5. Chumvi. Hewa ya bahari inakula bati. Usiiweke barazani, na futa nyuma kwa kitambaa kikavu.

IKIGOMA, ANZIA HAPA
Kwanza kabisa chomoa plagi ukutani.

• Haiwaki kabisa: jaribu soketi kwa kitu kingine. Angalia fyuzi ndani ya plagi. Hakikisha mlango umefunga mpaka ulie "tak".

• Inaunguruma lakini pipa halizunguki: zungusha pipa kwa mkono. Likiwa jepesi kupita kiasi, mkanda umekatika. Likiwa na uzito wake wa kawaida, huenda ni kapasita ya mota. Zote kazi ya fundi. Usiiache inaunguruma, mota itaungua.

• Inazunguka, haina joto: safisha filta na bomba, iache ipoe. Baadhi ya mashine zina kitufe cha kurudisha kinga nyuma, kibonyeze mara moja. Ikikata tena, ita fundi na umwambie wazi: badilisha kinga, usiiruke.

• Inachelewa kukausha: umejaza sana, au nguo hazijakamuliwa vizuri, au hewa imeziba. Au umeme ni mdogo. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, hita inabaki na nguvu kama asilimia 60 tu. Kama jioni umeme unashuka mtaani kwenu, kausha mchana.

• Inazima nguo zikiwa bado mbichi: ndani ya pipa kuna vibati viwili vinavyopima unyevu. Vifute kwa siki.

• Inalia au kugonga: tafuta sarafu, zipu au waya wa sidiria kwanza.

• Harufu ya kuungua: zima, chomoa, usiwashe tena mpaka ifunguliwe.

MAMBO MATATU YA KUTOFANYA
Moja, wale tunaotoa madoa ya mitumba kwa petroli au mafuta ya taa: nguo hiyo isiingie kwenye draya. Hata ukiifua mvuke unabaki. Iache ikauke kwa hewa.

Mbili, usiwashe ukalala au ukatoka. Na usiizime katikati ukaacha nguo za moto zimerundikana ndani. Dakika za mwisho mashine inapoza nguo, ziache zimalizike.

Tatu, usinunue bila kusoma jina na namba nyuma. Uingereza kulikuwa na kesi kubwa: draya za Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015, baadhi ya modeli manyoya yalikuwa yanafika kwenye hita. Agosti 2016 draya ya Indesit iliwasha moto jengo la ghorofa Shepherd's Bush, London. Mwaka 2019 zile ambazo hazijarekebishwa zikaitwa zirudishwe. Mashine za mtumba zinatoka hukohuko, kwa hiyo ingiza namba ya modeli mtandaoni kabla hujatoa hela. Za Marekani nazo umeme wake ni tofauti na wetu, achana nazo.

Moto ukitokea: kata umeme kwenye swichi kubwa, usifungue mlango wa mashine maana unauongezea hewa, toa watu, piga zimamoto 114.

HESABU
Mimi elfu kumi ya LUKU inanipa yuniti kama 28. Mzigo mmoja wa jinzi sita unakula yuniti 3 hivi, yani kama shilingi 1,070. Ni karibu shilingi 180 kwa jinzi. Iingize kwenye bei, usijidanganye. Kupunguza, nazianika kwanza zivujishe maji na kupata upepo, halafu namalizia kwenye draya dakika 30. Jua likiwepo, kamba ni bure.

Na soma lebo. Alama ya mraba wenye duara ndani ni draya. Nukta moja ni joto dogo, mbili ni la kawaida, ikipigwa mkasi usithubutu. Sweta la sufu linatoka saizi ya mtoto.

Mimi siku hizi filta nasafisha kabla hata sijakunja nguo. Dakika moja tu. Wewe yako mara ya mwisho umeifungua lini? Nenda kaiangalie sasa hivi, halafu uje useme umekuta nini. Na mtumie mwenzako anayefua mitumba, kabla mvua hazijaanza.