Usukani wa Baiskeli na Siha ya Mikono

Mnamo Septemba 2025, Kigali ilipoyapokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika, mabingwa walionekana wakiupanda mlima wa mawe wa Kimihurura hali wameinamia sukani zao. Mkao huo, uliokusudiwa kupunguza ukinzani wa upepo, haumfai mtu aendaye kazini, wala anayetembea na jamaa zake zile Jumapili ambazo baadhi ya barabara za mji hufungiwa magari.

Mwili ukiinama sana, sehemu kubwa ya uzito huviangukia viganja. Na katika kiganja, upande wa kidole cha mwisho, hupita mshipa wa fahamu uitwao alna, ambao ukikandamizwa kwa muda mrefu huleta ganzi katika kidole hicho na cha pete, na aghalabu hudhoofisha nguvu za kushika. Fauka ya hayo, usukani ulionyooka hukipinda kifundo cha mkono upande, ilhali ule ambao ncha zake zimerudi nyuma kumwelekea mpandaji huviacha viganja vikabiliane, kama vya watu wapeanao mikono, viwiko vikalegea na mgongo ukainuka.

Lakini katika mji wa vilima kama Kigali, kiasi ni bora. Ncha zikirudi nyuma kupita kadiri, gurudumu la mbele huwa jepesi wakati wa kupanda, na magoti huzigonga wakati wa kukata kona. Mchaguzi na aanze na mpindo wa nyuzi 30 hadi 45, na upana unaokaribia ule wa mabega yake; tena, maadamu uzito sasa umehamia makalioni, atafute na tandiko pana zaidi. Fundi apime unene wa usukani mahali unaposhikwa na shina lake, ambao kwa kawaida ni milimita 25.4 au 31.8, na ahakikishe kwamba nyaya za breki hazikazwi usukani ukigeuzwa pande zote, na kwamba vidole vyafikia breki bila kukunja kifundo, kwani mteremko hauna subira.

Ganzi isiyoondoka baada ya kupumzika ni ya kupelekwa kwa tabibu. Kwa aliye mzima, usukani mwema ni sababu ya kuendesha kila siku, na katika kuendesha kila siku ndimo moyo na mapafu hupata faida.