Biashara na Wachina: kujuana kwanza, mkataba baadaye

Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou au Yiwu kufuata mzigo mara nyingi hualikwa chakula kabla hajatajiwa bei ya mwisho. Huo si ukarimu mtupu. Mwenyeji anampima kama ni mtu wa kufanya naye kazi muda mrefu.

Wachina huuita uhusiano huo guanxi. Neno letu la karibu ni kujuana, ingawa kujuana kwetu kuna harufu ya upendeleo na guanxi si lazima iwe hivyo. Ndani yake mna deni la fadhila, renqing: aliyekupunguzia bei ulipokwama anatarajia nawe utamkumbuka siku yake. Asiyelipa fadhila huonekana hana utu, hata kama hajavunja kifungu chochote cha mkataba.

Kampuni za Ulaya na Marekani huanzia upande wa pili. Saini ikishawekwa, kinachoangaliwa ni maandishi. Kwa Wachina wengi saini hufungua uhusiano, hivyo malighafi ikipanda bei muuzaji anaweza kurudi mezani bila kuona kuwa amevunja ahadi. Hapo ndipo wageni hukasirika wakidhani wametapeliwa.

Tofauti hii iliigharimu benki ya JPMorgan. Kati ya 2006 na 2013 tawi lake la Asia liliajiri watoto na jamaa wa maofisa wa China ili lipate kazi za mashirika yao. Kumsaidia mtoto wa rafiki ni guanxi ya kawaida. Sheria ya Marekani ya 1977 dhidi ya kuhonga maofisa wa nchi nyingine iliona hongo, na Novemba 2016 benki ilikubali kulipa takriban dola milioni 264.

Isidhaniwe kuwa China yenyewe inaruhusu. Sheria yake ya ushindani ya 1993 ilikataza kamisheni ya siri isiyoingizwa kwenye vitabu vya hesabu, na mwaka 2014 mahakama ya Changsha iliitoza GlaxoSmithKline faini ya yuan bilioni 3 kwa kosa la hongo. Pakiti ya kahawa mbele ya watu haina neno (saa ya ukutani usipeleke, kwani kumpa mtu saa kwa Kichina husikika kama kumzika). Bahasha kwa meneja ni kesi.

Jambo jingine, guanxi ni ya mtu, si ya kampuni. Muuzaji akihama kiwanda, fadhila zinahama naye, na kontena uliyolipia nusu inabaki mikononi mwa watu usiowajua. Ndiyo maana wazoefu hudai kwanza mkataba ulioandikwa kwa Kichina, wenye mhuri mwekundu wa kampuni, kisha ndiyo huenda kula.