Insulini Safarini: Barafu Huharibu Kuliko Joto

Wagonjwa wa kisukari wanaojiandaa kwa safari ndefu ya basi huuliza kila mara namna ya kuhifadhi insulini njiani, na jibu linalozagaa mitaani, yaani kuvifukia vichupa ndani ya barafu, laweza kuiua dawa hata kabla basi halijatoka kituoni.

Insulini ni protini ndogo yenye minyororo miwili iliyokunjwa kwa mpangilio maalumu, na ndani ya kichupa molekuli zake hushikamana sita sita zikizizunguka atomu za zinki, mshikamano ambao ndio ngao yake. Joto kali au mtikisiko wa muda mrefu huzifanya baadhi ziachane na kundi na kukunjuka, hivyo sehemu isiyopatana na maji, iliyokuwa imejificha ndani, hubaki wazi na kunasana na ya jirani, na jirani na jirani yake, hadi zifanyike nyuzi ambazo mwili hauwezi kuzitumia. Ndiyo maana insulini angavu ikifanya ukungu hutupwa. Ile nyeupe kama maziwa ikiganda, chembe zake hufanya mabonge, na hata ikiyeyuka dozi haiaminiki tena.

Joto la kawaida, kinyume chake, limesingiziwa mno. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, uliiga joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kaskazini mwa Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na baada ya wiki nne insulini ilikuwa na nguvu sawa na iliyokaa kwenye jokofu. Hiyo si ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi juani. Mtungi wa udongo wenye maji husaidia, ingawa hupoza vizuri zaidi Dodoma kukavu kuliko Tanga, ambako unyevu wa hewa huyazuia maji kukauka.

Wauzaji wa unga wa mlonge na mdalasini wanaopanda mabasini wakimshawishi mgonjwa wa aina ya kwanza aache sindano wanauza kifo, kwa kuwa damu yake hujaa asidi ndani ya siku chache tu, wakati muuzaji ameshashukia kituo kinachofuata.

Vichupa vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti. Akiba iwe maradufu. Sindano ya chakula isichomwe kabla chakula hakijaonekana. Kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 mmol/L, mgonjwa anywe nusu glasi ya soda yenye sukari, hata kama abiria wa pembeni atamkemea kwamba sukari ni sumu kwake.