Platini: Udogo Peke Yake Hautoshi

Seli ya haidrojeni haichomi kitu. Upande mmoja haidrojeni hugawanyika kuwa protoni na elektroni. Protoni hupenya utando, elektroni huzunguka kwenye waya na kutupa umeme, kisha zote hukutana na oksijeni upande wa pili na kuwa maji. Kazi ngumu iko hapo kwenye oksijeni, na kichocheo kinachoiweza ni platini, madini ghali. Jibu jepesi ni kuipasua vipande vidogo mno: gramu moja ikiwa kitonge kimoja ina uso usiofika sentimita moja ya mraba, ila ikigawanywa kuwa chembe za nanomita 3 uso wake hufika mita 90 za mraba hivi.

Hesabu hiyo haina kosa, lakini haimalizi hoja. Chembe zikizidi kupungua, atomi nyingi hubaki kwenye kingo na pembe, nazo huing'ang'ania oksijeni hata isiachiliwe. Kwa hiyo la kuuliza ni uso umepangwaje. Mwaka 2007 Vojislav Stamenkovic na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa uso mmoja wa fuwele yenye atomi tatu za platini kwa moja ya nikeli hufanya kazi mara 10 zaidi ya uso kama huo wa platini tupu: nikeli iliyojificha chini hulegeza mshiko wa platini iliyo juu. Mwaka 2014 watafiti wa Berkeley na Argonne, pia Marekani, walitengeneza chembe zenye nikeli nyingi, wakaacha oksijeni ya hewani iile nikeli ya ndani, ikabaki fremu tupu ya platini na nikeli, kingo zake nene kwa nanomita 2 tu. Hewa ndiyo iliyofanya uchongaji!

Wapo wanaosema nikeli itaendelea kuliwa na asidi ya seli, na kwamba vipimo vya maabara hutumia kichocheo kidogo mno kwenye asidi nyepesi, mbali na seli halisi. La pili nalikubali. Ndiko sifa nyingi za maabara zinakopotelea. La kwanza lina nguvu kwa aloi iliyochanganywa ovyo, si kwa ile iliyofunikwa ngozi ya platini: fremu zile zilipita mizunguko 10,000 ya majaribio bila kudhoofika kwa kiasi cha kuonekana. Tena seli ndogo za methanoli zinaunga mkono hoja hii. Humo kaboni monoksaidi itokanayo na methanoli huifunika platini, iwe chembe kubwa au ndogo, na kinachoiondoa ni metali ya rutheni iliyo jirani, inayoipa oksijeni itoke kama kaboni dioksaidi.