Hati ya Malisho ya Simanjiro

Mvua zinyeshapo, makundi ya nyumbu na pundamilia hutoka katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, kaskazini mwa Tanzania, yakaelekea mashariki kwenye nyanda za Simanjiro, kuzalia katika nyasi fupi zenye wingi wa fosforasi, madini ambayo mama anyonyeshaye hana budi kuyapata. Na kiangazi kikishadidi, hurejea kando ya mto Tarangire, ambao haukauki. Waliochora mipaka ya hifadhi waliufuata mto, wakayaacha malisho ya masika nje, katika ardhi ya vijiji. Kwa sababu hiyo, mnyama anayetazamwa na watalii mwezi wa Agosti aghalabu huwa amezaliwa katika malisho ya Mmasai. Na malisho hayo yakigeuzwa mashamba, bunduki za askari wa hifadhi hazitamfaa kitu.

Katika nyanda hizo ndiko alikokulia Edward Loure. Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa, mwaka 1970, jamaa zake walikuwa miongoni mwa Wamasai walioondolewa katika maskani yao. Mtu aliyerithi dhuluma ya namna hiyo angekuwa na udhuru wa kuwachukia wanyama pamoja na wahifadhi wao. Yeye alijiunga na asasi ya wenyeji iitwayo Ujamaa Community Resource Team, akajifunza sheria.

Sheria yenyewe ina mtego. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliwakabidhi wanakijiji usimamizi wa ardhi yao. Walakini mwenzake, Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huohuo, ilipofasiri ardhi ya jumla, ilijumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa. Sasa ni nani wa kuamua kwamba malisho yanatumiwa? Mfugaji huacha alalili, yaani nyasi za akiba, zisiguswe hadi ndama wazihitaji wakati wa ukame. Tena nyumbu wanapozaa huwaepusha ng'ombe wake na mahali hapo, maana ndama wa nyumbu hueneza maradhi yanayomuua ng'ombe ilhali nyumbu mwenyewe hayamdhuru. Afisa apitaye garini haoni nyumba wala tuta la mahindi, naye huandika kuwa ardhi ni tupu.

Dawa ambayo Loure na wenzake waliishika ni hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo ilizoeleka kupewa mtu mmoja au kaya moja, jambo linalomfaa mkulima. Lakini malisho yakikatwa vipande hayalishi tena, na kila kipande humpata mnunuzi wake. Wao wakataka hati iandikwe kwa jina la jamii nzima, ili asiwepo mtu mmoja mwenye uwezo wa kuuza faraghani kilicho cha wote. Kazi yake ni ndefu, na kusema kweli haina fahari: wazee wa vijiji jirani hutembea mpakani wakibishana ni mti upi hasa uliokubaliwa na baba zao, mkutano mkuu wa kijiji huridhia mpango wa matumizi ya ardhi, mihtasari huandikwa, ndipo hati ikatolewa na kusajiliwa.

Wa kwanza kuipata, mwaka 2011, hawakuwa Wamasai bali Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wawindaji na warina asali, ambao misitu yao ilikuwa ikimegwa na wakulima na wafugaji pia. Baadaye, kwa kuwa misitu ilikuwa na mwenyewe anayejulikana kisheria, waliweza kulipwa fedha za hewa ya ukaa kwa kuiacha miti isimame, na sehemu ya fedha hizo huwalipa vijana wanaolinda mipaka. Kufikia mwaka 2016, Loure alipotunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa upande wa Afrika, ardhi iliyolindwa kwa hati hizo ilikuwa imezidi ekari 200,000.

Hata hivyo, hati si ngome. Sheria ileile ya vijiji inampa Rais mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kwa maslahi ya umma. Tofauti ni kwamba atakayeitaka ardhi hiyo hawezi tena kudai kuwa aliikuta tupu. Atawakuta wenyewe, wakiwa na mipaka yao katika daftari la serikali, na itambidi azungumze nao juu ya fidia kwanza.