Zawadi ya Bure Yahitaji Mikono

Siku hizi watoto wetu wengi wajua kushika simu kabla ya kushika kalamu. Hutazama picha, husikiliza nyimbo, hucheza michezo. Lakini kila mchezo umetungwa na mtu fulani, aliyeiandikia mashine amri zake moja baada ya moja. Mpango huo wa amri ndio uitwao programu. Je, watoto wetu watacheza siku zote michezo ya wengine, au nao wataweza kutunga yao?

Chombo cha kuwafundishia kipo, wala hakiuzwi. Chaitwa Scratch. Kilitolewa kwa watu wote mwaka 2007 na Mitchel Resnick pamoja na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani. Mzizi wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1967 Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria katika Afrika ya Kusini, alibuni pamoja na wenzake lugha ya kompyuta iitwayo Logo, kwa kuwa aliamini ya kwamba mtoto hujifunza vema akitengeneza kitu yeye mwenyewe.

Namna ya Scratch ni nyepesi. Amri zimeandikwa juu ya vipande vya rangi, navyo huunganishwa kwenye kioo cha kompyuta. Tuseme mtoto ataka paka aliyechorwa apite njia ya mraba. Huunganisha amri ya kwenda hatua 100 na amri ya kugeuka nyuzi 90, kisha huziweka zote mbili ndani ya amri ya kurudia mara 4. Akikosea akaandika nyuzi 80, paka harudi mahali alipoanzia. Basi mtoto hutafuta kosa, hulisahihisha, hujaribu tena. Hivyo ajifunza hesabu, na saburi pia.

Lakini chombo kikitolewa bure, bado hakijamfikia mtoto. Lazima awepo mtu wa kukileta. Mjini Cork, nchi ya Ireland, kijana James Whelton alianza kuwafundisha wanafunzi wadogo katika shule yake ya Kikatoliki. Mwaka 2011 yeye na Bill Liao wakaanzisha CoderDojo, yaani makutano ambapo watu wa kujitolea huwaongoza watoto pasipo malipo. Mojawapo ya desturi zao yatupendeza: mtoto aliyekwama awaulize kwanza wenzake watatu, ndipo amwulize mwongozi. Makutano hayo yakaenea katika nchi nyingi.

Wengine hujitolea kwa kutafsiri. Scratch yasomeka katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kimojawapo, na watafsiri wengi walifanya kazi hiyo kwa hiari. Nayo si kazi ndogo: kila amri yapasa iwe fupi, iingie katika kipande chake, tena iwe wazi kwa mtoto wa miaka 8, awe wa Mombasa au wa Bukavu. Nani aweza kuipima ila sisi tunaoisema lugha hii kila siku sokoni na kanisani?

Twawasikia wazazi wakisema kwamba intaneti ni ghali. Ni kweli. Lakini Scratch yaweza kuwekwa ndani ya kompyuta na kutumika pasipo intaneti, na nakala moja iliyochukuliwa mjini yatosha kwa kompyuta nyingi, wala si wizi. Kinachopungua ni mtu wa kukaa na watoto Jumamosi alasiri: mwalimu, karani, au mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizoni. Asiye na ujuzi mwingi aweza kujifunza pamoja nao. Ila asiishike mashine mahali pa mtoto, amwache ajaribu. Tena wakutane mahali pa wazi, kwa idhini ya wazazi, wakiwapo watu wazima wawili au zaidi.

Bwana wetu aliwaagiza mitume watoe bure walichopewa bure. Watu wa mbali, wasioyajua hata majina yetu, wametoa miaka ya kazi yao kwa ajili ya watoto wa ulimwengu wote. Sisi twaombwa Jumamosi chache tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika parokia yako, nani atakuwa kidole cha pili?