Ngazi za ploti yako ni kipimo cha moyo

Mapema mwaka jana, mama mmoja wa miaka 52 alifika katika kliniki yangu hapa Donholm akilalamikia maumivu ya goti. Mama huyu ni muuzaji wa nguo, naye anaishi orofa ya tano katika ploti moja ya Phase 8. Nilipomuuliza goti lilianza kumsumbua lini, alinijibu kwa kunisimulia habari za ngazi.

"Daktari, zamani nilikuwa nikipanda na mtungi wa maji wa lita 20 bila kusimama," alisema. "Kisha nikaanza kupumzika orofa ya tatu. Siku hizi napumzika mara tatu, tena mikono mitupu. Lakini nadhani ni uzee tu."

Goti lilikuwa na tatizo dogo. Kilichonishtua ni shinikizo lake la damu, 190 kwa 110. Hakuwa amepimwa tangu ajifungue kitindamimba wake, ambaye sasa yuko sekondari. Kwa karibu mwaka mzima ngazi zilikuwa zikimwonya kila jioni, naye hakujua zinasema nini.

Mama huyu hayuko peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu Mkenya mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 18 hadi 69 ana shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Iko miji inayosifika kwa ngazi zake za zamani. Mombasa, kwa mfano, katika Mji wa Kale ziko ngazi za Leven zinazoteremka hadi ukingo wa maji ya bandari ya kale, na wageni huenda kuzitazama. Sisi wa Eastlands tunaishi kwenye tambarare ya udongo mweusi, na hakuna mgeni anayekuja kuona ngazi zetu. Hata hivyo, twazo nyingi. Ziko ndani ya ploti za orofa tano, sita na zaidi, nyingi zikiwa hazina lifti, na ziko kwenye madaraja ya wanaotembea kwa miguu yanayovuka barabara kuu. Hizi ndizo ngazi ambazo msomaji wa mtaani anazijua kwa miguu yake.

Kwa nini ngazi huchosha?

Ukitembea kwenye tambarare, kazi ya misuli ni kuusukuma mwili mbele. Ukipanda ngazi, kila hatua unainua uzani wako wote. Misuli ya mapaja na makalio, ambayo ni mikubwa kuliko mingine yote mwilini, hudai hewa ya oksijeni kwa wingi na kwa ghafla. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, na mapafu vilevile. Kupanda ngazi kwa mwendo wa kawaida huhitaji nguvu mara mbili au zaidi ya zile za kutembea kwenye tambarare. Ndiyo maana moyo wenye shida unaweza kujificha mtu akiwa ameketi dukani, lakini ukajifichua akifika orofa ya tatu.

Kumbuka pia kuwa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 18. Mgeni kutoka Mombasa akihema siku za kwanza, si ajabu. Lakini mwenyeji aliyeishi hapa miaka kumi hawezi kusingizia hewa. Ngazi ni zile zile na hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni yeye.

Madaktari wamejua uhusiano wa ngazi na moyo kwa muda mrefu. Mwaka 1953, Dkt Jeremy Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya orofa mbili mjini London. Dereva aliketi kutwa nzima, hali kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi mara nyingi kwa siku akikusanya nauli. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini sana kuliko madereva. Baadaye Morris mwenyewe alipochunguza vipimo vya sare zao, aligundua kuwa madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Kwa hivyo ngazi hazistahili sifa zote. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha kwamba mwili unaotumiwa hulinda moyo.

Jinsi ya kujipima

Hesabu vidato vya ngazi zenu. Katika ploti nyingi za huku, kuna kama vidato 16 hadi 18 kati ya orofa moja na nyingine, kwa hivyo ukifika orofa ya nne utakuwa umepanda 60 au zaidi. Chagua siku ambayo hujambo na hujabeba mzigo. Panda vidato 60 kwa mwendo wa haraka bila kukimbia, na utazame saa.

Mwaka 2020, madaktari wa moyo kutoka Uhispania walieleza kwamba mtu anayemaliza vidato 60 kwa muda usiozidi dakika moja kwa kawaida ana moyo wenye uwezo mzuri. Anayechukua zaidi ya dakika moja na nusu anafaa kuchunguzwa. Andika matokeo yako, kisha urudie baada ya mwezi mmoja. Mabadiliko ndiyo muhimu kuliko hesabu ya siku moja. Mtu aliyekuwa akipanda bila kusimama, na sasa anasimama mara mbili, ana habari ya kumpelekea daktari.

Usijipime hivi ikiwa una ugonjwa wa moyo, maumivu ya kifua, presha isiyodhibitiwa au mimba, au ikiwa unatoka kuugua. Mwone daktari kwanza.

Kuhema kuna sababu nyingi. Kwa akina mama vijana, mara nyingi huwa ni upungufu wa damu. Kwa wengine ni pumu, kifua kikuu, sigara, uzani uliozidi au kukaa bila mazoezi. Maumivu ya misuli ya mguu chini ya goti, yanayokuja ukipanda na kutoweka ukisimama, yaweza kuwa ishara ya mishipa ya damu kuziba, hasa kwa wavutaji sigara na wagonjwa wa kisukari. Kazi ya daktari ni kutenganisha haya. Kazi yako ni kutosema "ni uzee tu."

Ngazi kama mazoezi

Anza polepole. Wiki ya kwanza panda orofa mbili bila kusimama, pumzika, kisha uendelee. Ongeza orofa moja kila wiki. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukienda mjini na lifti ina foleni, tumia ngazi.

Lakini usidanganyike kuhusu uzani. Mtu wa kilo 70 akipanda vidato 60 huchoma kama kalori saba pekee. Chapati moja ina zaidi ya kalori 200. Itambidi apande mara 30 kuilipia chapati hiyo! Faida ya ngazi ni ya moyo na misuli. Tumbo litapungua kwa kuangalia sahani.

Kushuka nako kuna mambo yake. Unaposhuka, goti hubeba mzigo wa zaidi ya mara tatu ya uzani wa mwili, na ndipo watu wengi huanguka. Shika reli, usishuke ukitazama simu, na usivae malapa yaliyolegea. Wenye ploti nao wajue kwamba balbu moja ngazini ni bei nafuu kuliko nyonga iliyovunjika. Nimewatibu wazee walioteleza kwenye maji yaliyomwagika gizani, na baadhi yao hawakutembea tena.

Na daraja la barabarani je? Wako wanaoona uvivu wa kupanda, wakavuka Outer Ring chini, mbele ya magari. Dakika mbili za daraja ni mazoezi ya bure, na ni maisha pia.

Kimbilia hospitali mara moja ukipata maumivu au uzito kifuani unaoenea mkononi au kwenye taya, jasho baridi, kuzirai, au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika. Miguu ikivimba, au ukilazimika kulala umeketi ili upumue, usingoje mwisho wa mwezi.

Yule mama bado anaishi orofa ya tano. Anakunywa dawa za presha kila asubuhi, amepunguza chumvi, na mwanawe ndiye anayebeba mtungi. Mwezi uliopita aliniambia anapumzika mara moja tu, orofa ya nne. Nilimpima, na presha ilikuwa 136 kwa 84. Ngazi na mashine vilikuwa vikisema jambo moja.